Mheshimiwa, viazi vibaki

Haya wasomaji, leo sina maneno matamu. Nivumilieni.

Kila ndege ndogo inapoanguka katika nchi hii tunakuwa na sababu tatu tayari mfukoni. Ya kwanza ni hewa mbaya. Ya pili ni mkono wa mtu. Ya tatu ni mapenzi ya Mungu. Magazeti huanza na ya kwanza, vijiwe vyetu hushika ya pili, na wahubiri hutumalizia na ya tatu makaburini. Kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake mpaka nyingine ianguke.

Mnakumbuka Juni 2008? Tarehe 10 ya mwezi huo ndege ndogo ilianguka huko Narok, ikawaua Waziri wa Barabara Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, pamoja na wawili waliokuwa nao. Miaka minne baadaye, tarehe 10 Juni ile ile, 2012, helikopta ikaanguka Ngong na kumuua Waziri George Saitoti, msaidizi wake Orwa Ojode na wengine wanne. Lo! Tarehe ikageuka ushahidi. Watu wazima wenye digrii zao wakakaa wakijumlisha tarehe, vyama na uchaguzi, mpaka jibu likatoka kama walivyolitaka.

Sizitaji ajali hizo mbili ili kuzitafutia sababu mpya. Nazitaja kwa sababu zilituonyesha jinsi tunavyopenda hesabu za tarehe na kukimbia hesabu za kilo, joto na mita. Na hizi za pili ndizo ninazotaka tuzungumze, maana sisi watu wa nyanda za juu tunaishi ndani yake kila siku bila kuziona.

Anza na jambo dogo. Uwanja wa ndege wa Mombasa uko kama futi 200 tu kutoka usawa wa bahari. Wilson, hapa Nairobi, uko futi 5,536. Nanyuki umepita 6,200. Eldoret unakaribia 7,000. Ukivuka mpaka, Addis Ababa umepita 7,600, na kule Tanzania ule uwanja mdogo wa Arusha uko kama 4,500, Seronera katikati ya Serengeti umepita 5,000. Kwa rubani aliyezoea Florida au Uholanzi, hivyo vyote ni vilele vya milima. Kwetu ni nyumbani, tunapanda ndege tukiwa na mandazi mkononi.

Hewa ya huku juu ni nyepesi. Wakimbiaji wa Iten wanaijua habari hii kwa mapafu yao, na dunia nzima inakuja kuitafuta ili ikafundishe mapafu yake. Lakini ndege nayo ina mapafu, na yenyewe haizoei hata ikikaa miaka ishirini. Injini ya pistoni ya kawaida, isiyo na ile tabo ya kuisukumia hewa kama kwenye lori la dizeli, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 unazopanda. Hiyo ni injini tu. Pangaboi la mbele nalo ni bawa linalozunguka, na likikosa hewa nzito ya kukamata linafanya kazi kama kasia kwenye povu. Halafu yako mabawa yenyewe, ambayo yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili yapate kubeba mzigo ule ule. Kwa hiyo unaibiwa mara tatu, na wezi wote watatu wanakuja siku moja.

Sasa ongeza jua.

Hewa ikipata joto hutanuka, inakuwa nyepesi zaidi. Ndiyo maana marubani wana vimo viwili vya uwanja mmoja: kile kilichoandikwa kwenye ramani, na kile ambacho ndege inakihisi siku hiyo, saa hiyo. Hesabu yake ya haraka unaweza kuifanya kwa vidole. Katika kimo cha Wilson, vitabu vinatarajia joto la nyuzi 4 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ongeza futi 120. Mchana wa Februari kipimajoto kikisoma 27, una nyuzi 23 za ziada, yaani karibu futi 2,800. Jumlisha na zile 5,536. Umepita futi 8,000! Wilson umeondoka Langata ukahamia Iten, na hakuna jiwe hata moja lililosogea.

Kwa ndege kama Cessna 172, ile ya viti vinne inayofundishia marubani wengi duniani na hapa kwetu pia, maana ya futi 8,000 hizo ni kwamba njia unayohitaji ili kuruka inakuwa kama mara mbili ya ile ya pwani, na mwendo wa kupanda angani unabaki kama nusu. Uwanja ukiwa wa nyasi kavu, kitabu cha ndege hiyo kinakwambia uongeze asilimia 15 ya mwendo wa chini. Matope je? Nyasi ndefu? Mteremko unaopanda badala ya kushuka? Kila kimoja kinachukua fungu lake kabla magurudumu hayajaachana na ardhi.

Hayo yote yameandikwa. Narudia, YAMEANDIKWA. Ndani ya kila ndege ndogo kuna kitabu chenye majedwali: uzito huu, joto hili, kimo hiki, utahitaji mita hizi. Mtu anaweza kukaa chini ya mbawa akiwa na kalamu na kujua, kabla ya kuwasha injini, kama ndege itapita juu ya ile miti mwishoni mwa uwanja au haitapita. Ni mambo machache sana katika maisha yetu ambayo yanatoa onyo waziwazi hivyo. Matatu haina jedwali. Daktari wa mtaani hana jedwali. Ndege inalo, na bado tunazika watu tukisema ni fumbo.

Ngoja niwaeleze pia mtego wenyewe ulivyo, maana wengi wanadhani ndege iliyozidiwa inakataa tu kuruka, basi, unapunguza mzigo unaondoka. Hapana. Ingekuwa hivyo nisingeandika.

Kwanza, kipima mwendo cha ndege hakipimi ardhi, kinapima msukumo wa hewa. Katika hewa nyepesi kinasoma namba ile ile ya siku zote huku magurudumu yakikimbia kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko yanavyokimbia pwani. Rubani akitazama nje anaona vichaka vinapita kasi, macho yanamwambia tayari, mkono unavuta usukani mapema. Pili, ndege ikiwa karibu sana na ardhi, chini ya urefu wa mabawa yake, hubebeka kwa urahisi kuliko ikiwa juu, kwa sababu ardhi inazuia ule mzunguko wa hewa unaoivuta nyuma. Kwa hiyo inaruka! Abiria wanapiga makofi. Halafu inapanda mita kumi, inatoka kwenye ule msaada wa ardhi, na inagundua kwamba haina nguvu ya kuendelea. Njia imekwisha, mbele kuna nyaya za umeme au kilima au nyumba za watu. Rubani anainua pua zaidi ili apande, mwendo unashuka, mabawa yanaacha kushika hewa. Kuanzia hapo zinabaki sekunde chache.

Kuna na jambo la petroli. Injini inataka petroli na hewa kwa kipimo. Hewa ikipungua lazima na petroli ipunguzwe kwa mkono, la sivyo injini inakabwa na mafuta yake yenyewe, inapoteza nguvu zaidi ya zile ilizokwisha kuibiwa. Rubani aliyefundishwa Wilson anafanya hivyo bila kufikiri. Aliyefundishwa usawa wa bahari, na vijana wetu wengi huenda kusoma Florida, alizoeshwa kuruka na petroli imefunguliwa yote. Mkono una kumbukumbu yake.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule kuna faili moja ambalo kila mwandishi wa habari wa nchi hii angelazimishwa kulisoma kabla ya kupewa kitambulisho.

Aprili 1996. Msichana wa miaka 7, Jessica Dubroff, anataka kuvuka Marekani akiwa kwenye usukani wa ndege ndogo aina ya Cessna 177. Yuko na baba yake na mwalimu wa urubani, ambaye kisheria ndiye rubani. Wanaondoka Half Moon Bay, California, uwanja ulio pembeni mwa bahari. Runinga zinafuatilia, magazeti yanafuatilia, nchi nzima inasema hewaa! Siku ya kwanza wanafika Cheyenne, Wyoming, uwanja ulio futi 6,156. Wanalala. Asubuhi ya Aprili 11 mvua inanyesha, upepo unavuma, radi inakaribia. Wanaondoka hivyo hivyo. Ndege inaanguka dakika chache baadaye kwenye mtaa wa makazi, wote watatu wanakufa.

Wachunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, hawakutafuta mchawi. Walipima. Ndege ilikuwa imezidi uzito wake unaoruhusiwa kwa pauni 96, yaani kama kilo 44. Kimo ambacho ndege ilikihisi asubuhi ile, hata na baridi yake, kilikuwa futi 6,670, na rubani hakuwa amezoea vimo hivyo. Aliamua kuruka kuingia kwenye hali mbaya akiwa na mzigo uliozidi, mwendo ukapungua, mabawa yakaacha kushika. Halafu wakaongeza sentensi ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi: kilichochangia ni tamaa ya kufuata ratiba ngumu kupita kiasi, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi walizokuwa nazo kwa vyombo vya habari.

Someni tena. Vyombo vya habari. Sisi! Kamera iliyokuwa ikisubiri kituo kinachofuata iliandikwa kwenye ripoti ya ajali ya ndege, karibu na radi na uzito.

Na sasa linganisheni futi zile 6,670 na hesabu yetu ya vidole. Wilson asubuhi na mapema, nyuzi 12 au 13, watu wamevaa masweta: ndege inahisi kama futi 6,500 hivi. Yaani hewa iliyomshinda rubani yule mwenye uzoefu wa pwani ndiyo hewa yetu NZURI, ile ya alfajiri. Ya mchana ni nyingine kabisa. Tunaruka kila siku mahali ambapo kwingine ni sababu ya kuandikwa kwenye ripoti, na kwa kuwa mara nyingi tunafika salama tumeamini kwamba ni haki yetu.

Kilo 44 jamani. Hata gunia la kilo 50 halijajaa.

Nimetaja gunia makusudi. Miaka michache iliyopita nilipewa kiti kwenye ndege ya kukodi iliyompeleka mheshimiwa mmoja kwenye mkutano nyanda za juu, kiwanja cha nyasi kilicho juu kuliko Wilson. Jina lake silitaji na haina haja, mnawajua, wako wengi. Asubuhi tulitua vizuri. Mkutano ulipangwa uishe saa nne, ukaisha saa saba, kama kawaida. Jua limesimama utosini. Wananchi, kwa upendo wao, wakaleta zawadi: magunia mawili ya viazi, kabeji zisizohesabika, na kondoo dume mwenye afya kuliko mimi.

Rubani wetu alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mpole. Alikuwa ameketi chini ya bawa na kitabu chake akiandika. Alipoona magunia yanakuja akasimama.

"Mheshimiwa, samahani, viazi vibaki."

"Msichana wangu, hawa ni watu wangu. Nikikataa zawadi yao nitawaambia nini?"

"Waambie ni mimi niliyekataa, Mheshimiwa. Na tena nitaomba wawili warudi kwa gari. Au tungoje sote mpaka saa kumi na moja, joto lipungue."

Mmoja wa wapambe akamsogelea akamuuliza kama anajua anaongea na nani. Mwenzangu mmoja wa runinga akaingilia kuwa yeye lazima awahi taarifa ya saa moja, picha zikilala hazina maana, eti kwani magunia mawili ni nini kwa ndege nzima? Umati nao ukaanza kucheka, mwanamke anambishia mheshimiwa! Dada yule hakupandisha sauti. Alisema tu namba: joto, uzito, mita. Akazirudia kama mtu anayesoma bei dukani. Mwishowe mlinzi na mpiga picha wakapanda Land Cruiser pamoja na viazi na kondoo, wakala vumbi mpaka Nairobi usiku.

Sisi tuliobaki tuliruka. Tulitumia uwanja karibu wote. Ule uzio wa mwisho ulipita chini yetu nikiona kila mti wa nguzo zake.

Ningependa kuwaambia kwamba mheshimiwa alimshukuru. Wapi! Tuliposhuka Wilson alimwambia mpambe wake kwamba safari ijayo atafutiwe rubani mwenye moyo.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Sio na fizikia, fizikia haina makosa. Ugomvi wangu ni na hilo neno "moyo". Katika nchi hii rubani anayeruka na chochote unachompa anaitwa jasiri, mzoefu, mtu wa kazi. Anayekataa anaitwa mwoga, na kama ni mwanamke au kijana, basi anaitwa pia mjinga. Mwenye kampuni anajua kwamba safari iliyoahirishwa ni pesa iliyopotea na mteja aliyekasirika ana simu ya kampuni nyingine. Rubani kijana anajua kwamba anahitaji saa za kuruka ili apate kazi kubwa zaidi. Mkubwa anajua kwamba akikunja uso mambo huwa yanawezekana. Kila mmoja anasukuma kidogo tu, na hakuna anayesikia kwamba anasukuma.

Na lugha yetu inasaidia kusukuma. Kiswahili chetu kina adabu nzuri, naipenda, nimelelewa nayo. Mkubwa haambiwi "hapana". Anaambiwa "tutaona", anaambiwa "tujaribu", anaambiwa "Mungu akipenda". Ofisini hiyo "tujaribu" inakugharimu siku moja, harusini inakugharimu shilingi. Ukiwa futi 7,000 saa saba mchana na uwanja wa nyasi mbele yako, kujaribu ndiko kuruka kwenyewe. Ukishapita katikati ya uwanja umeshamaliza kujaribu.

Sheria haina utata hapa. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, ambazo Kenya inazifuata kama nchi mwanachama wa shirika la ICAO, zinasema rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya chombo chake. Si waziri. Si gavana. Si mwenye kampuni. Si mwandishi mwenye taarifa ya saa moja. Lakini neno la mwisho kwenye karatasi, bila mtu wa kulitetea pale uwanjani, ni neno tu.

Najua mtakavyonijibu, kwa hiyo nijibu kabisa.

Mtasema ndege za siku hizi zina nguvu. Kweli, ile Cessna Caravan inayowapeleka watalii Mara na Serengeti ina injini ya tabaini, inapanda vizuri kuliko hizi za pistoni. Lakini mabawa yake yanakula hewa ile ile nyepesi, na joto linaigusa injini yake pia. Mnadhani yale masharti ya kilo 15 kwa kila abiria na begi laini yametoka wapi, uroho wa kampuni? Tena nguvu ina tabia moja mbaya: ikiwepo, watu huijaza. Mpe Mkenya pikapu ya tani moja uone atapakia ngapi.

Mtasema marubani wetu wamezoea milima. Hili nalikubali nusu. Aliyekulia Wilson ana faida kubwa juu ya yule wa California, sibishi. Lakini mazoea nayo yana ugonjwa wake. Unaruka mara mia na abiria watano asubuhi, mara ya mia na moja ni abiria watano na mizigo, saa nane, na kiwanja kiko futi elfu juu zaidi. Inafanana na jana. Mwili unasema jana tulipita. Jedwali ndilo pekee linalojua kwamba leo si jana.

Na yupo atakayenitajia Lukla, kule Nepal, uwanja ulio zaidi ya futi 9,300, njia ya mita 527 tu, mlima mbele na bonde nyuma, na bado ndege zinaruka. Ndiyo, zinaruka, kwa sababu Lukla unaogopwa. Njia yenyewe imejengwa kwa mteremko mkali ili ndege zishuke nao zikiruka na kuupanda zikitua, safari nyingi ni za asubuhi kabla upepo haujaamka, na mizigo inahesabiwa. Laiti Wilson na vile viwanja vyetu vya nyasi vingeogopwa hata robo ya hivyo! Sisi tuna tambarare zuri, nyumbu wanakula pembeni, nani ataogopa? Urefu wetu hauonekani kwa macho. Hakuna theluji, hakuna genge. Kuna nyasi tu na jua.

Ajali zetu zenyewe hazifanani, nisieleweke vibaya. Januari 2003 ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme mara tu ilipoondoka Busia, akafa Waziri wa Kazi Ahmed Khalif. Aprili 2006 ndege ya jeshi iligonga mlima Marsabit, watu 14 wakafa, wakiwemo wabunge watano waliokuwa wakienda kutafuta amani. Juni 2018 Caravan iliyotoka Kitale ikagonga safu ya Aberdare, wote 10 wakafa. Moja ni ya kuondoka, nyingine ni ya kukaribia, nyingine ya katikati ya safari. Nchi hii ina milima na mawingu, na siwezi kuibebesha hewa nyepesi kila kaburi. Ila nawauliza: katika hizo zote, ni ngapi ambazo ninyi mnaonisoma, watu mliosoma, mnaweza kunieleza sababu yake kwa sentensi mbili? Uvumi wake mnaujua kwa sura na aya.

Kanuni za ICAO zinataka ripoti ya mwisho ya ajali itolewe kwa umma mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ripoti zinapochelewa, au zikitoka tukawa tumeshahamia kwenye kashfa nyingine, ile nafasi inajazwa na mkono wa mtu. Na sisi waandishi tunaipenda nafasi hiyo ikiwa wazi! Njama inauza. "Mzigo ulizidi na jua lilikuwa kali" haiuzi hata nakala kumi. Nani ataweka jedwali la kilo kwenye ukurasa wa kwanza?

Basi nitasema ninachotaka, halafu mnipige mawe. Nataka mizani kwenye kila kiwanja kinachopokea ndege za kukodi, mizani ya kawaida, kama ile ya kupimia kahawa, na kila mtu apande na mfuko wake, mheshimiwa kwanza ili wengine wasione haya. Siku hizi kila mtu ana aibu ya kilo zake. Basi rubani aziandike bila kuzitangaza. Nataka mikutano ya nyanda za juu ipangwe ili ndege iondoke kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni huku mwanga bado upo, na mkutano ukichelewa, ndege ingoje au watu warudi kwa barabara. Wananchi wenye zawadi, M-Pesa ipo tangu 2007. Kondoo mpeni mchungaji.

Kwa wenye kampuni, rubani akisema hapana msimpigie simu kumuuliza "lakini una hakika?" mara ya pili. Mara ya pili ndiyo inayomvunja. Na mteja akitishia kuhama, mwacheni ahame, maana yule mteja na magunia yake ni hasara iliyovaa suti.

Na ninyi wahariri wetu. Mwandishi wenu akipiga simu kutoka kiwanja cha nyasi mahali fulani huko juu, akiwaambia ameachwa na ndege kwa sababu ya uzito, picha hazitafika kwa taarifa ya saa moja, msimuulize kwa nini hakupigania kiti. Muulizeni kama ana nauli ya matatu, na mrushieni.